Miezi Miwili Hadi Sita

Kadi imebanwa kwa sumaku ya umbo la ng'ombe
kwenye mlango wa friji.
Ya kwanza: Oktoba tarehe tisa, mkono wa kushoto.
Ya pili: mstari mtupu.
Miezi miwili hadi sita, alisema mfamasia,
akauzungushia wino mwezi wa Aprili
kama mtu anayenionyesha kituo cha kushukia.

Sasa ni Novemba nyingine.

Nimekuwa na sababu, na zote za kweli.
Desemba theluji iliziba barabara ya Canora
hata gari la kusukuma theluji likakwama.
Februari ng'ombe walizaa, ndama wawili
nikawakaushia jikoni kwa taulo zetu za kuogea.
Machi, ruka.
Aprili treni ya ngano ilisimama njia panda
dakika arobaini, nikageuza gari.
Dakika arobaini! Nimesubiri zaidi ya hizo
unga uumuke.

Dada yangu Stefania aliuvaa mkanda wa jeshi
akiwa na miaka sabini na mmoja,
yeye ambaye hajawahi hata kupiga saluti.
Kutoka mgongoni hadi chini ya titi la kulia
malengelenge yalijipanga foleni,
na yalipokauka, moto ukabaki.
Mwaka mzima alilala shuka limeinuliwa
juu ya kiti, lisimguse.
Tetekuwanga tuliipata pamoja, kitanda kimoja,
mama akitupaka magadi kwa unyoya wa bata.
Tulidhani tumepona. Kumbe ugonjwa ulikunja miguu
kando ya uti wa mgongo, ukalala,
mgeni asiyeaga.

Kwa hiyo sikosi sababu ya kwenda.
Kinachonizuia ni usiku ule wa Oktoba.
Homa ilinipanda baada ya sindano, meno yakagongana,
mkono mzito kama ndoo ya maziwa,
na Nestor, ambaye kwa miaka arobaini na sita
hakuwahi kuwasha jiko ila kukausha soksi,
akanipikia supu ya bitiruti.
Chumvi yake ingehifadhi nguruwe mzima.
Nikainywa yote. Alikaa ukingoni mwa kitanda
akisoma bei za mnada wa ng'ombe kwa sauti,
akidhani hilo hutuliza.
Lilituliza.

Yeye alidungwa siku ileile.
Kadi yake nayo ina mstari mtupu,
nami sijui kadi ya namna hiyo hupelekwa wapi.

Leo nimeingia dukani na hotuba tayari,
ya kuomba radhi kwa miezi kumi na mitatu.
Rizalyn, binti wa Iloilo aliyejifunza baridi ukubwani,
akatazama kadi, akatazama kalenda.
"Tutaanza upya?" nikauliza.
"Hapana, Bi Hnatiuk. Hakuna kuanza upya.
Ile ya kwanza bado inahesabika. Umechelewa tu.
Tunaendelea pale ulipoachia."

Nilijifanya sikusikia, ili airudie.
Akairudia.
Nikapandisha mkono wa sweta.

Kawia ufike, wanasema.
Hawasemi ukifika utamkuta nani.

Saa nane za usiku homa imebisha,
kwa wakati wake; yenyewe haina habari ya kuchelewa.
Nimejiwekea chupa ya chai, vidonge, blanketi la pili.
Gazeti la mnada lipo juu ya mto, upande wake.
Supu niliipika mchana, nikiwa na nguvu.
Nashuka ngazi nikishika ukuta, naiwashia moto, naonja.
Naongeza chumvi.
Naonja tena, naongeza.
Bado haijafika.